Mwanamkasi Ameingia Mjini Kutembea

Mwanamkasi binti Dadi alipokwisha kutoka eda ya mumewe, na mtama wa mwaka ule ukawa umekwisha kupandishwa darini, alimwendea kaka yake Rajabu akamwambia kwamba anataka kufuatana naye Bagamoyo.

Rajabu alikuwa amechuchumaa uani akikaza kamba za mzigo wa sandarusi, ule utomvu mgumu ambao watu wa Mkange huuchimba ardhini na kuwapelekea Wahindi wa pwani. Hakuinua kichwa.

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, kaka."

"Unaumwa, unataka mganga?"

"Mimi mzima."

"Una kitu cha kuuza?"

"Sina."

Hapo Rajabu akaacha kamba. "Basi unakwenda kufanya nini?"

"Kutembea. Nikauone mji, nikale vyakula vyake. Nikishaona na kula nitarudi."

Rajabu akacheka, akamtazama dadaye usoni, kicheko kikakatika. Alimjua tangu utotoni. Mwanamkasi akisema jambo kwa sauti ya chini namna ile, ujue limekwisha kuamuliwa na linangoja wewe tu uzoee.

Marehemu mumewe, Mwinshehe, alikuwa mchukuzi wa sandarusi. Kila kiangazi aliteremka Bagamoyo, na kila aliporudi alikaa jikoni karibu na mkewe akamsimulia. Hakusimulia biashara. Alisimulia halua inayotetemeka juu ya sinia kama ini bichi, na vitumbua ambavyo ukivibana vinatoa tui, na milango iliyochongwa maua tangu juu hadi chini, na Wanyamwezi waliotembea miezi mitatu wakiimba, wakafika pwani wakaonja maji ya bahari na kuyatema. Mwanamkasi alikuwa akipakua ugali na mlenda huku akimeza mate. "Mwakani, mama Zaina," Mwinshehe alikuwa akisema, "mwakani nitakupeleka." Mwaka mmoja kukawa na mimba, mwingine ukame, mwingine nzige. Kisha Mwinshehe akaugua kifua, akafa, na neno la mwakani likabaki pale jikoni.

Walikwenda. Mwanamkasi alijitwika kitunga cha unga na kibuyu cha asali ya kumpelekea mwenyeji wake, akafuata nyuma ya wachukuzi bila kulalamika. Walivuka mto Wami kwa kamba, wakalala katika vijiji vya watu waliomjua Rajabu, na walipofika kivuko cha Kingani wakaingia mtumbwini na viboko wamewatolea macho majini. Wachukuzi walikuwa wakisoma kila dua waliyoijua. Mwanamkasi naye aliomba, lakini macho aliyaelekeza ng'ambo, kwenye minazi.

Mwenyeji wake alikuwa Somoe, binti wa mama yake mdogo, aliyeolewa Bagamoyo na fundi wa kuezeka makuti. Somoe alimpokea kwa vigelegele. Alimpikia wali wa nazi, akamkaangia samaki, akamtandikia kitanda cha kamba kilicho kizuri kuliko chake. Rajabu akauza mzigo wake, akaaga, akasema atarudi na sandarusi nyingine mwezi ukiandama. Mgeni akakaa raha mustarehe.

Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Somoe alikuwa mtu wa kufuata wahenga. Asubuhi ya tatu akauleta mchi, akauegemeza ukutani karibu na kitanda cha mgeni.

"Dada yangu," akasema kwa upole, "mpunga ule pale."

Mwanamkasi akatwanga. Akapepeta, akateka maji, akafagia ua, na ilipokwisha yote jua lilikuwa limekwisha kupanda na mwili hauna hamu tena ya kwenda popote. Usiku akawaza. Somoe hakuwa na kosa. Mjini hakuliwi bure. Lakini yeye hakuvuka mito miwili aje kutwanga mpunga, kwani mpunga na kwao upo.

Basi kuanzia siku ile akawa anaamka kabla ya adhana. Alitwanga gizani, akateka maji kisimani wakati hakuna foleni, akafagia ua kwa kupapasa. Somoe alipofungua mlango alikuta mchele mweupe katika ungo, mitungi imejaa, na mgeni anajifunga kaniki yake mpya tayari kutoka.

"Unakwenda wapi?"

"Kutembea."

"Peke yako? Kichwa wazi? Mwungwana wa mji hatoki hivyo, Mwanamkasi. Chukua ukaya wangu ujifunike uso."

"Nikijifunika nitaona nini? Mimi nimekuja kuona, sikuja kuonwa."

"Ndugu yangu, hapa asiyejifunika ndiye anayeonwa."

Mwanamkasi akacheka akatoka. Somoe akabaki mlangoni na ukaya mkononi, midomo ameibana.

Aliuingia mji kama mtu aingiavyo shamba lake, mstari kwa mstari, bila kuruka. Alianza karibu na msikiti, alipokuwa akikaa Ashura, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, akipika vitumbua katika chungu chenye vishimo. Mwanamkasi alikula kimoja amesimama, akaketi, akala cha pili. Kisha akakibana cha tatu kati ya vidole, na kweli, tui likatoka.

"Umeloweka mchele tangu jana?" akauliza.

"Tangu juzi."

"Na hiliki. Umezidisha kidogo."

Ashura akaweka mwiko chini. "Wewe nani, unayekuja kunifundisha vitumbua?"

"Mimi Mwanamkasi binti Dadi wa Mkange. Sijawahi kula kitumbua maisha yangu. Hiki ndicho cha tatu."

Ashura alicheka mpaka machozi yakamtoka, na tangu siku ile akamwekea kigoda.

Alikwenda forodhani, akawaona watu wakipanga pembe za ndovu mchangani, nyingine ndefu kuliko mtu. Alikwenda kwenye kambi ya wasafiri wa bara, mabanda ya makuti yasiyo na idadi. Ngoma zilikuwa zikilia mchana kutwa, na wanawake wa Kinyamwezi waliotembea na waume zao tangu Unyanyembe wakamkaribisha kunde zilizopikwa kwa karanga. Alikwenda hadi bustani ya mapadre wa Kifaransa. Watu walikuwa wamemwambia asiende, yeye akaenda, akamwuliza mtunza bustani jina la kila mti, akanusishwa ganda jeusi la vanila, mmea utambaao, likanukia utamu asioujua. Mbele ya kila mlango uliochongwa alisimama mpaka ameumaliza kuutazama. Wenye nyumba walipotoka kumwuliza anamtafuta nani, alijibu hamtafuti mtu, anautazama mlango. Wengine walimfukuza. Mmoja alimletea maji.

Na halua. Mpishi wa halua alikuwa Mbaruk, mtu wa Maskati aliyezeekea Bagamoyo, na kiwanda chake kilikuwa chumba kimoja chenye tanuri na sufuria ya shaba pana kama ngoma kuu. Mwanamkasi alifika asubuhi, Mbaruk ndiyo kwanza anakoroga.

"Sabalkheri, bibi. Unataka halua?"

"Nataka."

"Haijaiva. Nenda sokoni urudi adhuhuri."

"Nitangoja hapa. Nataka kuiona inavyokuwa."

Mbaruk akamtazama, akatazama njia, kama anamtafuta aliyefuatana naye. "Bibi, huu ni wanga na sukari. Hakuna cha kuona."

"Basi nitaona wanga na sukari."

Akakaa kizingitini. Mbaruk akakoroga. Baadaye mzee akaanza kueleza, ukiacha kukoroga hata kidogo inashika chini, samli hutiwa kidogo kidogo, zafarani hulowekwa katika maji ya waridi. Mwanamkasi aliuliza. Kwa nini shaba? Kwa nini kuni za mkoko? Nani alimfundisha? Mama yake alikuwa akiitwa nani? Mpaka mzee akajikuta anamsimulia mgeni wa Mkange habari za kisima cha kwao na mtende uliokuwa karibu nacho, mambo ambayo hata wanawe mwenyewe hawakuwahi kuyauliza. Ilipoiva, halua ikaanza kuirudisha samli, ikang'aa, ikajitenga na shaba. Mbaruk akachota ya kwanza kabisa, akaiweka juu ya kipande cha jani la mgomba.

Ilitetemeka.

Mwanamkasi akaitia kinywani, akafumba macho. Mbaruk, aliyezoea kusifiwa, akaanza kuwa na wasiwasi.

"Vipi? Mbaya?"

"Mume wangu hakuwa mwongo," akasema Mwanamkasi, na machozi yakamshuka, lakini mdomo ukaendelea kutafuna.

Mkasa ulimkuta siku Somoe alipokwenda Mlingotini kuzika. Mwanamkasi alikuwa anapita kwenye njia nyembamba ya maduka ya Wahindi, akiwa na nia ya kwenda Kaole kuyaona makaburi ya kale, mkono wa mtu ukamshika kiganja kwa nguvu.

"Umechoka kukimbia, ee?"

Alikuwa mtu mrefu, mwenye fimbo na kisibau, akiitwa Kitwana. Baadaye Mwanamkasi alikuja kujua kwamba naye ni mtumwa, msimamizi wa shamba la bwana mmoja. Mjakazi wa shamba lile alikuwa ametoroka. Mtu mzima, mweusi wa kung'aa, amevaa kaniki, kichwa wazi.

"Umenifananisha," akasema Mwanamkasi. "Mimi mwungwana. Binti Dadi wa Mkange."

"Wote husema hivyo. Siku zote nakuona. Huna kitunga kichwani, huna mtoto mkononi, huendi dukani wala shambani. Mwungwana gani anazurura hivi? Unatafuta njia ya kukimbilia."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Alijua vizuri kilichokuwa mbele yake. Huko kwao walikuwako watu walioteremka pwani na hawakuonekana tena, na hapakuwa na wa kuulizwa. Kaka hayupo, Somoe hayupo. Akiburutwa mpaka mashambani leo, kesho nani atamtafuta? Alivuta pumzi.

"Niachie mkono," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Nitakwenda. Lakini nitakwenda kwa jumbe wa mtaa kwanza, na nitakwenda kwa miguu yangu. Watu hawa wote ni mashahidi."

Mmoja katika umati akasema, "Hiyo haki." Wengine wakaitikia. Kitwana akauachia mkono.

Jumbe Bwanausi alikuwa mzee mkavu, mwenye kuketi barazani pake na kikombe cha kahawa. Mwanamkasi akapiga goti. "Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Simameni mbali kidogo, mnanizibia upepo." Akawasikiliza wote wawili bila kuwakatiza. Kisha akamwuliza Mwanamkasi, "Umekuja Bagamoyo kwa shughuli gani?"

"Kutembea, jumbe."

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu. Na kula."

Waliokuwapo wakaguna. Hata jumbe akakunja uso. "Mwanamke, jibu lako halikusaidii. Nimekaa baraza hii tangu ndevu hazijaota, sijaona mtu aliyetoka bara kuja kula. Nani anakujua?"

"Mwenyeji wangu yuko mazikoni Mlingotini. Kaka yangu amerudi Mkange." Kisha akainuka. "Lakini jumbe, twende sokoni. Twende njia nzima, uulize mlango kwa mlango. Akitokea mmoja tu asiyenijua jina langu na la baba yangu, huyu anichukue."

Jumbe aliweka kikombe chini. Nadhani alikuwa na hamu ya kujua kuliko kuwa na huruma, lakini alivaa makubazi akashuka.

Mwanamkasi akatangulia. Kwa Ashura hawakuwahi hata kuuliza.

"Mwanamkasi! Mbona umeandamana na watu kama bibi harusi?" Alipoelezwa, mwiko ukapanda juu. "Mtoro? Huyu? Huyu binti Dadi aliyeniambia hiliki imezidi? Nimepunguza, na watu wamesifu! Kitwana, nenda ukaoshe macho!"

Mwenye ule mlango aliyempa maji akatoka akasema, "Ni mgeni wa Mkange, alitaka kujua nani alichonga." Muuza kahawa akasema, "Binti Dadi." Mhindi wa nguo, ambaye Mwanamkasi alikuwa amemshikia kila kitambaa na hakununua hata kimoja, akapandisha mabega kwa uchungu akasema, "Mkange, Mkange, namjua sana."

Kwa Mbaruk, mzee hakuacha kukoroga. Aliongea huku ameelekea sufuria.

"Jumbe, mtoro hujificha. Huyu alikaa kizingitini pangu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mji mzima ukipita. Mtoro hubadili jina kila mtaa, na njia ya mwongo ni fupi. Huyu amewaambia wote jina moja. Na mtoro hana nafasi ya kumwuliza mtu jina la mama yake." Akapiga mwiko ukingoni mwa shaba. "Namshuhudia. Ukitaka kiapo, nipe msahafu, lakini mtu mmoja aje anishikie mwiko."

Jumbe Bwanausi akageuka. "Kitwana, huyu si wako. Mwache, na mtu asimguse tena katika mtaa wangu."

Watu wakashangilia. Mwanamkasi alikuwa na neno kali tayari mdomoni, amelitayarisha njia nzima. Lakini alipomtazama Kitwana akaona macho yake yameelekea njia ya shambani. Ametumwa kuleta mtu, na anarudi mikono mitupu kwa bwana ambaye hakuna jumbe wa kumwamulia naye. Akaliacha lile neno. Akamfikiri yule mwanamke mwingine, mwenye kaniki kama yake, aliye mahali fulani katika vichaka vya Kingani, akila nini, akinywa nini, akiogopa kila jani. Mwanamkasi akasoma dua kimoyomoyo, amwombee usiku wa giza na maji ya kivukoni yaliyopungua. Halua aliyopewa na Mbaruk siku ile hakuimaliza.

Somoe aliporudi akazisikia habari zote kabla hajavua viatu. Akalia, akagomba, akafunga kitunga cha mgeni kwa mikono yake.

"Kuna wachukuzi wanakwenda Saadani kesho, njia ya kwenu. Utafuatana nao. Sitaki kumwambia kaka yako kwamba nimekupoteza."

"Nitaondoka Rajabu akija, kama tulivyoagana. Bado sijaona Kaole. Na pweza sijala."

"Pweza! Wewe umenusurika kuuzwa, unataka pweza?"

"Nikienda kesho, ndugu yangu, nitakuwa nimefukuzwa. Kule nyumbani nitaogopa hata kwenda kisimani. Nitatoka kesho, na nitapita njia ile ile."

Somoe akakifungua kile kitunga, akakitikisa kwa hasira. "Basi twende wote. Na utajifunga leso yangu begani, sitaki mabishano."

Akajifunga leso begani, uso wazi. Walipita njia ya maduka polepole, na pale aliposhikwa mkono Mwanamkasi akasimama kidogo, kisha akaendelea. Kila mlango ulimsalimu kwa jina. Somoe, aliyeishi mtaa ule tangu kuolewa, hakuwahi kusalimiwa na nusu yao.

Makaburi ya Kaole waliyaona, nguzo za mawe zimesimama kati ya miti na vibakuli vya kigeni vimepachikwa juu yake, wakasoma Fatiha. Waliporudi, maji ya bahari yalikuwa yamekupwa, na wanawake walikuwa wakipiga pweza juu ya miamba ili alainike. Wakamchoma juu ya makaa, wakamkamulia ndimu na pilipili. Mwanamkasi alikitazama kipande chake chenye vikombe vidogo vidogo. Somoe alikuwa akimtazama kwa jicho la "haya sasa". Mwanamkasi akatia mdomoni akatafuna, akatafuna, akatafuna.

"Vipi?"

"Kama kutafuna ukanda wa ngozi," akasema. "Lete kingine."

Rajabu alipokuja alimkuta barazani kwa jumbe, akimwuliza mzee habari za babu zake. Walirudi Mkange pamoja. Wanawake wa kijiji walikuja kuuliza amenunua nini, na waliposikia hakununua kitu wakamhurumia. Lakini alipoanza kusimulia hawakuondoka, na kiangazi kilichofuata watatu wakamfuata, mmoja wao akiwa mama mkwe wa binti yake Zaina, ambaye hakuwahi kulala nje ya nyumba yake.

Miaka ikapita, na vita vya Wazungu vilipoingia pwani, watu wa Bagamoyo wakakimbilia bara, na Somoe na mumewe walifika Mkange na mwana mgongoni. Walikaa kwa Mwanamkasi mpaka mizinga ikanyamaza. Wengi walisema mji umekufa, asiende mtu. Mwanamkasi alisikiliza, akatwanga unga wa njiani, akateremka Bagamoyo.

Alikuta nyumba nyingi zimeungua, na milango mingine haina tena nyumba nyuma yake. Mbaruk alikuwa amevukia Unguja, akaenda na sufuria yake. Lakini karibu na msikiti palikuwa na moshi mdogo, na nyuma ya moshi Ashura, amekonda, sauti ile ile.

"Mchele si mzuri," akasema Ashura kabla ya salamu. "Usilaumu."

Mwanamkasi akaketi chini karibu naye, akala kitumbua, akakisifu. Kisha akageuza uso kuelekea njia, ambako watu wachache walikuwa wakibeba makuti mabichi na boriti, na akauliza ile nyumba inayoezekwa pale ni ya nani, na wametoka wapi, na wanapika nini.